Nyanya ya shilingi 350: taima ya jikoni juu ya meza ya mchoraji

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Muuzaji alitaja 500, nikalipa 350, soko la Kamukunji, Nairobi, Jumatano moja ya mwezi wa pili. Ni taima ya jikoni, plastiki nyekundu, umbo la nyanya, na kikonyo cha kijani juu. Haina betri. Unaizungusha, inarudi nyuma tik-tik-tik, ikifika sufuri inalia kengele. Imetengenezewa watu wanaochemsha mayai. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, najiajiri huu mwaka wa nane, na ofisi yangu ni meza iliyobanwa kati ya dirisha na jiko katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala, mtaa wa Umoja. Hii taima nimeitumia kila siku ya kazi kwa miezi saba, kwa hiyo nina haki ya kuisema.

Kabla yake nilishajaribu mengi. Nilinunua shajara ya ngozi bandia ya shilingi 1,200, yenye ukurasa wa kila siku na nafasi ya kuandika malengo. Januari ilijaa, Februari ikapata madoa ya chai, kuanzia Machi ni nyeupe pe. Nikatundika ubao mweupe ukutani, binti yangu akauchora twiga, na twiga alikuwa mzuri kiasi kwamba sikuwa na moyo wa kumfuta. Nikalipia meza ya siku moja katika mojawapo ya zile ofisi za pamoja kule Kilimani, 1,500 kutoka asubuhi hadi jioni. Kiti kizuri ajabu, kahawa haiishi, watu wanazungumza kwenye simu kuhusu mamilioni. Lakini nilipoweka kikombe cha maji ya brashi kando ya kompyuta ya jirani, uso wa msimamizi ulinitosha. Nikarudi Umoja na mkoba wangu.

Simu nayo ina programu za kuhesabu dakika, nyingi tu, na za bure. Ubaya wake ni kwamba ziko ndani ya simu. Ni kama kumwekea mlevi kitabu cha maombi kwenye kaunta ya baa.

Wazo lenyewe si langu wala si la muuzaji wa Kamukunji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja Mwitaliano, Francesco Cirillo, alikuwa hatulii na vitabu. Akachukua taima ya jikoni yenye umbo la nyanya, akajiwekea sharti la kusoma bila kushika kitu kingine mpaka ilie. Nyanya kwa Kiitaliano ni pomodoro, na utaratibu huo ukazunguka dunia kwa jina hilo: dakika 25 za kazi moja tu, dakika 5 za kupumzika, na kila baada ya awamu nne mapumziko marefu ya dakika 15 hadi 30. Basi, hakuna siri nyingine, ingawa wapo wanaouza kozi nzima kuieleza.

Kwa Kiswahili jina hilo lina hatari yake. Mama yangu yuko Voi, na kwake mtu aliye nyumbani mchana hana kazi. Atapiga saa nne asubuhi. "Uko wapi?" "Niko nyumbani, Mama." "Ee, basi kwa kuwa umekaa tu, niulizie bei ya mabati hapo mjini." Wala si yeye peke yake. Keateka, yule msimamizi wa jengo letu, akitaka mtu wa kumfungulia fundi wa mabomba, ni mimi. Jirani wa juu akichelewa kazini, mtoto wake anashukia kwangu kutoka kwa basi la shule. Binamu akija Nairobi kwa mahojiano, nani atampokea stendi? Huyu aliyekaa tu. Wiki ya kwanza ya taima Mama akapiga, nikamwambia, "Mama, nitakupigia nyanya ikilia." Kimya. Kisha: "Nyanya gani? Nyanya yako tulimzika mwaka wa 1998." Nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile akipiga anauliza kwanza, "Nyanya imeshalia?" Ikiwa bado, anakata. Miaka yote nilikuwa namweleza kwamba kuchora ni kazi, haingii. Ikamwingia kwa kitu cha plastiki kinachopiga kelele. Kwa hilo tu nilishapata shilingi 350 zangu.

Sasa kisa cha mbuzi.

Tangu CBC, ule mtaala mpya wa shule za Kenya, ianze madarasani mwaka wa 2019, sisi wachoraji wa vitabu tumepata kazi kuliko zamani, kwa kuwa kila gredi ilihitaji vitabu vipya. Lakini kazi hizo huja kwa mafuriko. Mchapishaji ana tarehe ya kupeleka kitabu KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, kikaguliwe, mwandishi amechelewa, mhariri amechelewa, na kuchelewa kote huko kunateremka kama maji ya mvua mpaka kwa aliye bondeni, ambaye ni mchoraji. Mwaka jana nilikuwa na kurasa 24 za kumaliza kwa siku 12. Pamoja nazo nilikuwa na kadi za bibi harusi aliyetuma ujumbe wa sauti kila nusu saa kuhusu rangi ya utepe, na ukuta wa saluni mtaa wa pili. Mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tatu, na simu juu yake. Ukurasa mmoja ulitaka mwanamke anayekamua mbuzi. Nilichora kiwele huku nikisikiliza kama utepe uwe wa rangi ya pichi au ya samoni. Mhariri akanirudishia ukurasa una duara jekundu: "Mbuzi ana chuchu mbili. Wako ana nne."

Mimi, mtoto wa Voi, niliyekamua mbuzi kabla sijajua kusoma! Na rangi ya maji si penseli, kwamba utafuta na kupuliza. Nilichora ukurasa wote upya, usiku, bila shilingi ya ziada. Ni mbuzi yule aliyenipeleka Kamukunji, ingawa ilinichukua miezi kadhaa kufika.

Nilidhani taima itanifanya nichore haraka. Haijanifanya. Inachofanya ni hivi: asubuhi nikishampeleka mtoto shuleni, nachemsha chai, naweka simu kwenye kabati la sufuria ikiwa imezimwa sauti, na nageuza nyanya. Usiigeuze moja kwa moja hadi 25. Ipeleke kwanza mpaka karibu na 60, usikie springi imejikaza mkononi, halafu uirudishe kwenye 25. Usipofanya hivyo inaweza kukufia njiani, au ikifika mwisho itoe kikohozi kimoja badala ya kengele. Hilo halikuandikwa kwa lugha yoyote ninayoisoma. Maandishi yote ya kiboksi ni Kichina. Nilijua kwa kuunguza maharagwe.

Mlio wake wa tik-tik mwanzoni uliniudhi. Baada ya kama siku tatu niliacha kuusikia, isipokuwa pale mkono unapoanza kuelekea kabatini, kutazama kama fulani amejibu. Hapo ndipo tik-tik inarudi masikioni, nakumbuka kwamba bado inatembea, nakaa. Mara nyingi nimebakiwa na dakika sita au saba tu. Mtu yeyote anaweza kungoja dakika sita.

Lakini faida kubwa niliipata mahali ambapo sikuitafuta. Nilikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, ile ya bure ya duka la dawa, nikaigeuza nyuma na kuanza kupiga mstari mmoja kila nyanya inapolia, nikiandika ni ya kazi gani. Baada ya wiki sita nikaketi na kikokotoo. Ukurasa mmoja wa kitabu wenye rangi, tangu rasimu ya penseli mpaka kuskani, ulikula nyanya 11. Hizo ni dakika 275, zaidi ya saa nne na nusu, nami nalipwa 3,500. Seti ya kadi ya harusi, niliyoitoza 2,500 nikiiona ni kazi ya jioni moja, ilikula nyanya 14 kwa sababu ya masahihisho yasiyoisha. Ukuta wa saluni ulikula 30 kwa malipo ya 15,000.

Gawanyeni wenyewe. Kitabu kilikuwa kinanilipa kama shilingi 318 kwa kila nyanya, kadi ya harusi 179. Na ukuta, ambao nilikuwa naudharau kwa kuwa unanichafua nguo na wapita njia wanasimama kunishauri, 500 kamili.

Niliitazama ile kalenda kwa muda mrefu. Kwa miaka saba asubuhi zangu, saa ambazo macho yana nguvu na mwanga wa dirishani ni mzuri, nilikuwa nawapa mabibi harusi. Kwa nini? Kwa sababu wao ndio wanaopiga kelele. Mhariri wa kitabu hutuma barua pepe moja ya adabu kwa wiki. Mwenye saluni hana hata WhatsApp. Aliyenyamaza alisukumwa hadi usiku, na aliyelia alibebwa. Mtu akiniuliza mwaka jana kazi ipi inatangulia kwangu, ningemjibu kwa maneno mazuri sana. Kalenda ya duka la dawa ilinijibia tofauti.

Sasa nyanya nne za kwanza za siku ni za kitabu, liwalo na liwe. Kadi zimepanda hadi 4,500, masahihisho ni mawili, la tatu linalipiwa. Wateja wawili walikimbia siku hiyo hiyo. Mmoja alirudi baada ya wiki mbili, hakusema alikuwa wapi, nami sikuuliza.

Nisiisifu kupita kiasi, maana ina kasoro, na nyingine ni za utaratibu wenyewe. Dakika 25 zinamfaa mtu anayeandika au anayejibu barua. Rangi ya maji haijui saa. Ukishalowesha karatasi ili uchore anga, huwezi kuinuka eti kengele imelia: ukingo utakauka na kuacha mstari, na mstari huo hautoki tena. Mara mbili niliitii kengele katikati ya anga, mara mbili nikatupa karatasi, na karatasi nzuri ni ghali kuliko hiyo taima. Siku hizi nikiwa kwenye anga naiacha ilie yenyewe. Kisha kuna kungoja ikauke. Mwezi wa Februari anga langu linakauka ndani ya nyanya moja. Julai, Nairobi ikishakuwa na lile baridi la wingu lisiloondoka, linataka mbili, wakati mwingine tatu, na kikaushio cha nywele kinakula tokeni za stima kama kichaa. Hapo nilijifunza kuweka kazi mbili mezani, moja inakauka, nyingine nachora penseli. Najua walimu wa utaratibu huu wanasema kazi moja tu. Hawajachora anga Umoja mwezi wa Julai.

Zile dakika 5 za mapumziko nazo kwangu ni hadithi. Maji kwetu huja siku mbili kwa wiki. Yakija, mapumziko yote ni ndoo na mitungi, na narudi mezani nimechoka kuliko nilivyoondoka, mikono inatetemeka, siwezi kuchora nywele wala nyasi. Siku ya maji nimeifanya siku ya kuskani na kupanga mafaili.

Kasoro za kifaa chenyewe: haiko sahihi. Niliilinganisha na saa ya simu mara kumi; 25 zake zilikuwa kati ya 24 na 27. Kwangu si neno, kwa keki labda ni neno. Kengele yake ni dhaifu na inalia sekunde chache tu, ukiwa umefungulia maji hutaisikia. Na ya kwanza niliyonunua ilikufa baada ya wiki tano. Ilikwama kwenye 7, haiendi mbele wala nyuma. Nikairudisha kule kibandani. Muuzaji akaitikisa, akaisikiliza kama daktari, akaniuliza naigeuza mara ngapi kwa siku. Nikamwambia kumi, siku nyingine kumi na mbili. Akanishangaa. "Siste, hii ni ya mayai. Si ya ofisi." Hakunirudishia pesa, ila ya pili alinipunguzia 50, kwa hiyo kwa hesabu kamili nyanya zangu zimenigharimu 650. Hii ya pili imevuka miezi mitano na ingali nzima, ukiacha ufa alioutia binti yangu alipoiangusha. Yeye naye huiazima kufanyia kazi za shule, na anadanganya: akidhani sitazami huisukuma kwa kidole ifike haraka.

Jambo ambalo sikutarajia lifae ni karatasi. Namaanisha zile kazi za ofisi ambazo mtu aliyejiajiri hana ofisi ya kumfanyia. Wachapishaji ninaowafanyia kazi hawalipi bila ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi, kisha wanakata asilimia 5 na kuipeleka huko KRA kabla hujaona chako, nawe ufuatilie cheti chake usije ukalipa kodi hiyo mara ya pili. Kwa mchoraji hii ni adhabu. Zamani nilikuwa nazilimbikiza mpaka zinanipa maumivu ya tumbo. Mwaka jana nilituma ritani yangu ya kodi tarehe 30 Juni, siku ya mwisho, saa tano usiku, mtandao unazunguka tu, jasho linanitoka. Mwaka huu nilijiambia nitakaa nazo nyanya moja tu, kisha niondoke hata kama sijamaliza. Siku ya kwanza nilitafuta nywila. Siku ya pili nikapanga vyeti. Siku ya tatu nikamaliza, na ilikuwa mwezi wa tano. Kitu usichokipenda kinavumilika ukijua kina mwisho unaosikika.

Ijumaa saa tisa alasiri pia nina nyanya moja ya kudai. Mchapishaji mmoja, jina lake nalihifadhi, ana ankara yangu ya siku 90 na zaidi. Zamani deni lile lilinikaa kichwani wiki nzima, nachora huku nagombana naye moyoni. Sasa linangoja Ijumaa. Naandika barua pepe, napiga simu kwa mhasibu wao, nasikilizishwa muziki wa kungojea, kengele ikilia nakata. Hajalipa. Lakini Jumatatu yangu amenirudishia.

Kuna nyingine za dijitali, zenye sumaku nyuma na betri ndogo, shilingi 450 hadi 600 kwenye vibanda hivyo hivyo. Rafiki yangu fundi wa cherehani anayo na anaipenda kwa kuwa ni sahihi na haina tik-tik. Mimi niliijaribu kwake siku moja; ukimya wake ulinifanya nisahau kwamba ipo, na mlio wake wa mwisho ni wa kukemea. Ni suala la mtu na masikio yake. Ukiishi na mtoto mchanga, chukua ya dijitali.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano. Ya tano ameichukua yule aliyetia springi ya ndani.

Ukienda Kamukunji, jihadhari na kosa nililolifanya mimi. Niliijaribu pale pale kibandani, katikati ya nyundo za mafundi wa jua kali wanaogonga masufuria na masanduku ya bati. Sikuisikia kengele, nikadhani ni kelele za pale tu, kumbe ndivyo ilivyo. Toka nayo kando, mbali na nyundo, uizungushe hadi 60, uirudishe hadi 5, usimame ukingoja ilie. Muuzaji atalalamika kwamba unamchelewesha. Mwambie ni dakika tano tu, na umwonyeshe.